Vyeti vya usimamizi wa seva

Vyeti vya usimamizi wa seva ni vyeti vya kitaalamu vinavyotolewa kwa mtu aliyefaulu mtihani unaopima uwezo wake wa kufunga, kuendesha, kulinda na kurekebisha seva, yaani kompyuta zinazotoa huduma kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Vyeti hivi hutolewa na makampuni yanayotengeneza programu za seva, kama vile Microsoft na Red Hat, au na taasisi zisizofungamana na kampuni yoyote, kama vile CompTIA na Linux Professional Institute (LPI).

Vyeti hivi ni tofauti na stashahada au shahada ya chuo. Chuo humpima mwanafunzi kwa miaka kadhaa katika masomo mengi, lakini cheti cha seva hupima ujuzi wa bidhaa au teknolojia moja kwa mtihani wa saa chache. Aidha, shahada haina mwisho wa matumizi, wakati vyeti vingi vya seva huisha muda wake baada ya mwaka 1 hadi 5, na mwenye cheti hulazimika kukihuisha au kupanda ngazi ya juu zaidi.

Katika Afrika ya Mashariki vyeti hivi hutafutwa na wahitimu wa TEHAMA wanaotaka kazi katika benki, makampuni ya simu, taasisi za serikali, hospitali na migodi.

## Kazi ya msimamizi wa seva

Msimamizi wa seva ndiye anayehakikisha kwamba huduma za kompyuta za taasisi zinapatikana wakati wote zinapohitajika. Kazi zake za kawaida ni hizi:

* kufunga mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows Server au Linux;
* kufungua akaunti za watumiaji, kuweka nywila na kupanga nani aruhusiwe kuona faili gani;
* kuweka viraka vya usalama vinavyotolewa na watengenezaji;
* kuchukua nakala rudufu za data na kujaribu kama zinarudishika;
* kuendesha mashine pepe, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi ndani ya kompyuta moja;
* kufuatilia joto, umeme, nafasi ya diski na mwendo wa mtandao;
* kurudisha huduma haraka inapokatika.

Uzito wa kazi hii huonekana zaidi pale mambo yanapoharibika. Mnamo Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi nyingi duniani na kufunga faili za kompyuta za Windows ili wenyewe walipe fidia. Kiraka cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka uleule. Taasisi ambazo wasimamizi wake walikuwa wamekwisha kukiweka zilipata kinga, na nyingi ambazo hazikukiweka zilipoteza data. Kwa sababu ya mambo kama hayo waajiri hutaka uthibitisho wa ujuzi kabla ya kumkabidhi mtu funguo za chumba cha seva.

## Historia

### Mwanzo

Vyeti vya namna hii vilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kampuni ya Novell ya Marekani ilipoongoza soko la mitandao ya ofisini kwa programu yake ya NetWare. Cheti chake cha CNE kilikuwa kipimo cha kwanza kilichojulikana kwa upana kwa mafundi wa seva. Microsoft ilianzisha mpango wake wa vyeti mwaka 1992, na cheti chake cha MCSE kikawa maarufu kuliko vyote baada ya kutolewa kwa Windows NT 4.0 mwaka 1996. Ili kupata MCSE ya NT 4.0, mtahiniwa alipaswa kufaulu mitihani 6: minne ya lazima na miwili ya kuchagua.

### Mgogoro wa Windows NT 4.0

Mwaka 2000 Microsoft ilitoa Windows 2000 pamoja na MCSE mpya yenye mitihani 7. Kampuni ilitangaza kwamba wenye MCSE ya NT 4.0 wangepoteza hadhi yao mwishoni mwa mwaka 2001 iwapo hawangefanya mitihani ya toleo jipya. Kwa kuwarahisishia njia, iliweka mtihani mmoja wa muhtasari wenye namba 70-240, ambao haukulipiwa lakini uliruhusiwa kufanywa mara moja tu.

Tangazo hilo lilipingwa na mafundi wengi. Walieleza kwamba waajiri wao bado walitumia NT 4.0, hivyo ujuzi wao ulikuwa ukihitajika kazini hata kama kampuni imeshatoa toleo jipya. Mnamo Oktoba 2001 Microsoft ilibadili msimamo: vyeti vya NT 4.0 havikufutwa, ila kila cheti kikaanza kutajwa pamoja na toleo lake. Tangu hapo msomaji wa wasifu wa kazi aliweza kutofautisha mwenye MCSE ya NT 4.0 na mwenye MCSE ya Windows 2000. Mwaka 2002 kikaongezwa cheti cha ngazi ya chini yake, MCSA, kwa ajili ya wasimamizi wasiohusika na usanifu wa mitandao mikubwa.

### Vyeti vya Linux

Kampuni ya Red Hat ilianzisha cheti cha RHCE mwaka 1999. Tofauti yake na vyeti vya wakati huo ilikuwa mtihani wa vitendo: mtahiniwa huwekwa mbele ya kompyuta halisi, hupewa orodha ya kazi, na mwishoni kompyuta yenyewe hukaguliwa kama inafanya yaliyotakiwa. Hakuna maswali ya kuchagua jibu. Mwaka 2010 ngazi ya kwanza ya vyeti vya Red Hat ikapewa jina la RHCSA.

Mwaka 1999 pia ilianzishwa LPI nchini Kanada, kwa lengo la kutoa mitihani ya Linux isiyofungamana na kampuni moja. CompTIA nayo ilitoa Server+ mwaka 2001, cheti kinachohusu seva kwa ujumla pamoja na vifaa vyake: diski, kumbukumbu, ugavi wa umeme na upoozaji.

### Zama za kompyuta wingu

Katika miaka ya 2010 taasisi nyingi zilianza kukodi seva kutoka kwa makampuni kama Amazon na Microsoft badala ya kununua mashine zao. Mabadiliko hayo yaligeuza vyeti pia. Mnamo 31 Januari 2021 Microsoft ilisitisha MCSA na MCSE zote. Mahali pake pamechukuliwa na vyeti vinavyofuata aina ya kazi, kama kile cha msimamizi wa Azure (mtihani AZ-104) na kile cha msimamizi wa Windows Server katika mazingira mchanganyiko, chenye mitihani AZ-800 na AZ-801. Mazingira mchanganyiko ni yale ambayo sehemu ya seva imo ndani ya ofisi na sehemu nyingine iko kwenye wingu.

Red Hat nayo ilibadili RHCE baada ya toleo la 8 la mfumo wake kutoka mwaka 2019. Mtihani wa sasa hupima hasa uwezo wa kutumia Ansible, programu inayomwezesha msimamizi mmoja kutoa amri kwa seva nyingi kwa pamoja. Mwaka 2017 kilianzishwa cheti cha CKA kwa wasimamizi wa Kubernetes, nacho hupimwa kwa vitendo.

## Vyeti vikuu

* Server+ ya CompTIA: mtihani mmoja. Hupima vifaa, usalama, hifadhi na utatuzi wa matatizo bila kujali kampuni. Tofauti na A+, Network+ na Security+ za taasisi hiyohiyo, hakikuwekewa ukomo wa miaka 3.
* LPIC-1, LPIC-2 na LPIC-3 za LPI: LPIC-1 ina mitihani 101 na 102, na LPIC-2 ina mitihani 201 na 202. Kila mtihani una maswali 60 kwa dakika 90. Cheti hudumu miaka 5.
* RHCSA na RHCE za Red Hat: mitihani ya vitendo. RHCSA ndiyo sharti la kupata RHCE. Hudumu miaka 3.
* Vyeti vya Microsoft vya ngazi ya kati, kama AZ-104: alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000. Hudumu mwaka 1.
* CKA: mtihani wa vitendo wa saa 2. Hudumu miaka 2.

Mbali na hivi, wasimamizi wengi huwa na cheti cha mitandao kama CCNA ya kampuni ya Cisco, kwa kuwa seva isiyofikika kupitia mtandao haina faida.

## Kupata cheti

### Maandalizi

Kila mtihani una orodha ya mada inayotolewa bure na mwenye cheti. Orodha hiyo ndiyo msingi wa maandalizi, kwa sababu huonyesha pia uzito wa kila mada. Mtahiniwa anaweza kusoma darasani au peke yake. Isipokuwa vyeti vichache, kuhudhuria kozi si sharti.

Mazoezi kwa vitendo hayaepukiki, lakini hayahitaji seva halisi. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya GB 16, hata ya mtumba, huweza kuendesha mashine pepe mbili au tatu kwa kutumia programu huria ya VirtualBox. Microsoft hutoa Windows Server ya majaribio inayofanya kazi kwa siku 180. Kwa upande wa Linux, AlmaLinux na Rocky Linux hupatikana bila malipo na hufanana sana na mfumo wa Red Hat. Red Hat yenyewe huruhusu mtu binafsi kutumia mfumo wake bila malipo kwa mashine hadi 16. Kwa njia hiyo mwanafunzi anaweza kujenga mtandao mzima mezani kwake, kuuharibu makusudi na kuutengeneza tena.

Faili za mifumo hii ni kubwa, mara nyingi GB kadhaa. Kwa anayetumia kifurushi cha intaneti cha simu, njia ya kawaida ni kuzipakua mara moja chuoni au ofisini na kugawana na wenzake kwa flashi au diski ya nje.

### Kujisajili

Mitihani mingi hufanyika katika vituo vilivyoidhinishwa na makampuni ya usimamizi wa mitihani kama Pearson VUE. Vituo hivyo huwa katika miji mikubwa. Malipo hufanywa mtandaoni kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya mtandaoni inayounganishwa na akaunti ya pesa ya simu. Bei hutofautiana kwa nchi na kwa mtihani. Mitihani ya vitendo ni ghali zaidi: nchini Marekani mtihani mmoja wa RHCSA hugharimu takriban dola 500.

Mambo mawili madogo huwaangusha watahiniwa kabla hata ya swali la kwanza. La kwanza ni jina. Jina lililoandikwa wakati wa kujisajili lazima lilingane na lile la kitambulisho, kama pasipoti au kitambulisho cha taifa. Mtu aliyejisajili kwa majina mawili ilhali kitambulisho kinaonyesha majina mengine anaweza kukataliwa mlangoni, na ada isirudishwe. Mwenye namba ya NIDA peke yake bila kadi huhitaji pasipoti au kitambulisho kingine kinachokubalika chenye picha. La pili ni saa. Ratiba huandikwa kwa saa za kimataifa, hivyo mtihani wa 9:00 ni wa saa tatu asubuhi na ule wa 15:00 ni wa saa tisa alasiri.

### Mtihani wa nyumbani

Tangu janga la UVIKO-19 mwaka 2020, mitihani ya kufanyia nyumbani imeenea sana. Msimamizi humwangalia mtahiniwa kupitia kamera. Chumba lazima kiwe kitupu na kimya, meza isiwe na karatasi wala simu, na mtu mwingine asiingie hadi mtihani uishe. Mtihani wa Red Hat wa nyumbani huhitaji kompyuta iwashwe kwa flashi yenye mfumo maalumu, pamoja na kamera ya nje.

Utaratibu huu umepunguza safari, lakini umehamisha mzigo wa umeme na intaneti kwa mtahiniwa. Umeme ukikatika katikati ya mtihani, kikao kinaweza kufungwa. Tahadhari za kawaida ni kompyuta mpakato yenye betri nzima, njia mbili za intaneti kutoka mitandao tofauti ya simu, na kuchagua saa ambazo mtandao hauna watumiaji wengi.

### Matokeo

Katika mitihani ya maswali, matokeo hutoka mara nyingi papo hapo. Katika mitihani ya vitendo huchukua siku chache. Aliyeshindwa anaweza kurudia kwa kufuata kanuni za mtoa cheti. Kwa Microsoft, marudio ya kwanza huruhusiwa baada ya saa 24, na yanayofuata baada ya siku 14. Aliyefaulu hupewa cheti na nembo ya kidijitali yenye kiungo. Mwajiri hufungua kiungo hicho na kuona jina, tarehe ya kufaulu na tarehe ya kuisha. Hivyo cheti cha kughushi hugundulika kwa urahisi kuliko karatasi iliyopigwa muhuri.

## Kuhuisha na kupandisha cheti

Sababu ya vyeti kuisha ni kwamba mifumo yenyewe huisha. Mtengenezaji hutangaza siku ambayo ataacha kutoa viraka vya usalama kwa toleo fulani, na baada ya siku hiyo kuendelea kulitumia ni hatari. Windows Server 2003 ilifikia ukomo tarehe 14 Julai 2015, Windows Server 2008 tarehe 14 Januari 2020, na Windows Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023. CentOS Linux 7, iliyotumika sana kwa sababu haikuwa na ada, ilifikia ukomo tarehe 30 Juni 2024.

Kuna njia tatu za kulinda hadhi ya cheti.

Mtihani wa kupandisha toleo. Njia hii ilitumiwa na Microsoft kwa karibu miaka 20. Aliyekuwa na cheti cha toleo la zamani hakurudia mitihani yote, bali alipimwa mambo mapya tu. Mwenye MCSE ya Windows 2000 alihitaji mitihani miwili, 70-292 na 70-296, ili kupata MCSE ya Windows Server 2003, wakati mtu anayeanza upya alihitaji mitihani 7. Katika Windows Server 2012 mtihani mmoja wa 70-417 ulichukua nafasi ya mitihani mitatu, na katika Windows Server 2016 mtihani wa 70-743 ulifanya vivyo hivyo. Baada ya toleo la 2016 hapakutolewa MCSA nyingine, hivyo njia hiyo ilifungwa.

Kuhuisha kwa tathmini fupi. Tangu Juni 2021 vyeti vya Microsoft vya ngazi ya kati na ya juu hudumu mwaka mmoja. Miezi 6 kabla ya kuisha, mwenye cheti hufunguliwa tathmini fupi mtandaoni. Haina malipo wala msimamizi, na mtu anaruhusiwa kusoma nyaraka huku akijibu. Akifaulu huongezewa mwaka mmoja. Akiacha tarehe ipite, cheti hufa na mtihani kamili hulipiwa tena. Kwa hiyo anayetumia barua pepe ya mwajiri au ya chuo kujisajili hujiweka hatarini: akihama, taarifa za kumkumbusha hazimfikii tena. Barua pepe binafsi ni salama zaidi.

Kupanda ngazi. Katika Red Hat na LPI, kufaulu mtihani wa juu huongeza pia uhai wa cheti cha chini. Mwenye RHCSA anayepata RHCE kabla ya miaka 3 kuisha huwa amehuisha vyote viwili kwa mtihani mmoja. Kwa mtu anayejilipia mwenyewe, hii ndiyo njia yenye nafuu zaidi, kwa kuwa fedha ileile inayotumika kulinda cheti cha zamani humpatia na kipya.

## Tanzania

### Nafasi katika mfumo wa elimu

Elimu ya ufundi na ufundi stadi nchini Tanzania husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Tuzo zake za ufundi hupangwa kwa ngazi za NTA: ngazi ya 4 na ya 5 ni vyeti vya ufundi, ya 6 ni stashahada na ya 8 ni shahada. Vyeti vya makampuni kama RHCE havimo katika ngazi hizo, kwa hiyo haviwezi kuchukua nafasi ya stashahada pale tangazo la kazi linapotaka stashahada. Kazi yake ni kuongeza uzito juu ya elimu ya msingi. Katika ajira za umma, sifa ya kwanza ya Afisa TEHAMA ni shahada, na cheti cha kitaalamu huwa nyongeza. Katika sekta binafsi uzito wake huwa mkubwa zaidi, hasa kwa makampuni yanayouza au kufunga mifumo husika.

Usajili wa wataalamu wa fani hii ni jukumu la Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mafunzo mafupi hutolewa na vyuo na makampuni mbalimbali, kikiwemo Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UCC).

### Kukua kwa mahitaji

Kebo za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) zilipofika Dar es Salaam, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009, taasisi za mikoani ziliweza kuunganishwa na mifumo ya makao makuu. Wakala wa Serikali Mtandao ulianza kazi mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaufanya kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA). Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, iliongeza wajibu: taasisi inayohifadhi taarifa za watu inapaswa kuzilinda, na mlinzi wa kwanza wa taarifa hizo ni msimamizi wa seva.

### Ukanda wa madini

Mikoa ya Shinyanga na Geita ina migodi mikubwa inayotegemea seva kila saa. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulitokana na ugunduzi wa mwanajiolojia Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Katika migodi ya aina hii seva huhifadhi takwimu za miamba, ramani za uchimbaji, kumbukumbu za magari makubwa, picha za kamera za ulinzi, mishahara na taarifa za mitambo ya kuchenjua. Mazingira nayo ni magumu kwa vifaa: vumbi, joto na mabadiliko ya umeme huharibu diski na feni mapema. Ndiyo maana mada za Server+ kuhusu upoozaji, betri za dharura na nakala rudufu zina maana ya moja kwa moja hapa.

Kanuni za Madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania huwataka wenye leseni kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira, kuwa na mpango wa mafunzo, na kuonyesha jinsi nafasi zinazoshikwa na wageni zitakavyorithiwa na wenyeji. Nafasi za kitaalamu za TEHAMA zimo katika hesabu hiyo. Lakini kipaumbele hakimfaidishi mtu asiye na sifa zinazotajwa kwenye tangazo. Kijana aliyezaliwa jirani na mgodi bila cheti hushindana na mtu kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi mwenye nacho.

Mfano mzuri wa hali hii ni Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu kando ya barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, jirani na Mwadui. Uchumi wake umejengwa juu ya almasi, biashara ndogo, kilimo na mifugo. Mtu wa huko anayetaka cheti cha seva ana mahali pa kutumia ujuzi huo karibu na nyumbani, lakini njia ya kuupata ni ndefu: kozi na vituo vya mitihani viko katika miji mikubwa, na gharama ya mtihani huongezewa nauli na malazi. Maandalizi ya kujisomea kwa mashine pepe na mtihani wa nyumbani vimepunguza umbali huo, ingawa havijaondoa tatizo la umeme na bei ya intaneti.

Kwa mwanafunzi wa namna hiyo mpangilio wa gharama nafuu ni kuanza na Linux Essentials ya LPI, cheti cha wanaoanza kisicho na tarehe ya kuisha, kisha kufuata LPIC-1 inayodumu miaka 5, na kuacha vyeti vya mwaka mmoja hadi atakapopata ajira inayovihitaji.

## Udanganyifu na ukosoaji

Tatizo kubwa la vyeti hivi ni maswali yaliyovuja. Kuna watu wanaouza mafurushi ya maswali ya mitihani pamoja na majibu yake, na mnunuzi huyakariri bila kugusa seva. Kutokana na hali hiyo, katika miaka ya 1990 na 2000 waajiri walianza kuwazungumzia wenye “MCSE ya karatasi”, yaani watu wenye cheti lakini wasioweza kufanya kazi. Watoa vyeti hujibu kwa kubadilisha maswali, kufuta matokeo na kuwafungia waliogundulika. Mitihani ya vitendo ndiyo iliyoonyesha kinga bora zaidi, kwa kuwa kukariri jibu hakutoshi pale seva inapotakiwa kuwaka.

Ukosoaji mwingine unahusu fedha. Wakosoaji husema kwamba kuweka muda mfupi wa uhai huwanufaisha watoa vyeti, na kwamba bei zinazopangwa kwa dola huwatenga watu wa nchi zenye kipato kidogo. Watetezi hujibu kwamba cheti kisichoisha humdanganya mwajiri, kwani ujuzi wa mfumo wa miaka kumi iliyopita hauwezi kulinda seva ya leo. Kuhuisha bila malipo, kama ilivyo kwa Microsoft tangu 2021, kumepunguza sehemu ya lawama hizo, ingawa ada ya mtihani wa kwanza imebaki palepale.

Hatimaye, cheti hakithibitishi uaminifu wala utulivu wakati wa dharura. Kwa sababu hiyo waajiri wengi humpa mwombaji jaribio dogo la vitendo siku ya usaili, hata kama ana vyeti vyote.

## Tazama pia

* Seva
* Mfumo wa uendeshaji
* Linux
* Usalama wa kompyuta
* Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano
* Maganzo
* Mwadui